Sauti Iliyobaki Noonkopir

Shanga zikimwagwa kwenye sahani ya bati. Ndiyo sauti ambayo Parsaoti huikumbuka kabla ya sura, kabla ya mkono, kabla ya harufu ya moshi na maziwa ya nyumbani kwake, nje kidogo ya mji wa Kajiado. Si mlio mkubwa. Ni kama mvua iliyoanza juu ya mabati kisha ikabadili nia. Mkewe alizimwaga jioni, akaanza kuzitenga kwa ncha ya kidole, nyekundu huku, nyeupe kule, na mdomo nao ukaanza kazi yake, ambayo ilikuwa kusimulia.

Alisimulia kwa Kimaa. Watoto wa majirani walikuja na vijigoda vyao, maana yeye na Parsaoti hawakujaliwa mtoto. Sifa zake zikamfikia Felix, kijana aliyekuwa na chumba cha kurekodi karibu na soko la Kajiado, kuta zote amezibandika trei za mayai ili kelele za barabarani zisiingie. Felix akamwomba aje asimulie mbele ya maikrofoni. Alikubali, ila mikono mitupu aliikataa. Akaenda na sahani na shanga zake. Felix alihangaika mwanzoni kuuondoa mlio huo, kisha akauacha. Hadithi zikawekwa kwenye mtandao, na familia za Kimaasai zilizohamia Kitengela zikawa zinawawekea watoto waliokuwa wanaanza kujibu bibi zao kwa Kiswahili.

Kisha mkewe akaugua katika kiangazi kibaya, mvua ikaja na kumkosa.

Kwao jina la aliyekufa halitajwi. Si kwamba amesahauliwa. Ni kwamba ameachwa apumzike, asiitwe na watu ambao hawezi tena kuwaitikia. Mama yake Parsaoti alimvuta kando ya boma siku ile ya maziko, akamshika kiganja kwa mikono yote miwili.

"Usimwite tena, mwanangu. Hata moyoni."

"Sawa, yeyo," akasema Parsaoti, na mpaka leo hakuna aliyemsikia akilivunja neno hilo.

Alirudi Kitengela kazini. Ana chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kitanda, jiko la gesi, na msumari wa kuangikia ovaroli. Jumapili hufua. Watu wa mtaa humwita fundi wa intaneti, na wengi hawajui jina lake jingine. Zamani alikuwa anapanda gari la Namanga kila Ijumaa kurudi Kajiado. Siku hizi Ijumaa inafika, anaiangalia, na inapita.

Kazi yake iko juu ya mapaa. Kitengela imejengeka kwa kubanana, ploti imeegemea ploti, ghorofa nne, ghorofa tano, na jioni watu wote wakirudi kutoka Nairobi na Athi River wanafungua simu kwa wakati mmoja. Mnara mmoja hauwezi umati huo. Kwa hiyo kampuni ndogo anayofanyia kazi ilitundika masanduku juu ya ploti, kila moja na antena yake fupi, kila moja likihudumia paa lake na majirani wachache. Mwanzoni walidhani wakiongeza masanduku, shida itakwisha. Haikwisha. Masanduku yalikuwa mengi, lakini yote yalikunywa kwenye mrija mmoja mwembamba unaotoka Nairobi, na ikifika saa ya mpira, mrija ulisongwa.

Ndipo wakayapa masanduku kumbukumbu. Parsaoti hueleza jambo hili kwa wenye ploti kwa kuwaonyesha tangi jeusi lililo hapo hapo juu ya paa. Maji ya Kitengela hayaji kila siku, ndiyo maana kila mtu ana tangi. Yakija unayaweka, na ukiwa na kiu hukimbii mtoni. Sanduku nalo ni hivyo. Mtu wa kwanza akiomba mahubiri ya Jumapili, sanduku linayaleta kutoka Nairobi, kisha linabaki na nakala. Wa pili na wa hamsini wanapewa ile nakala, na mrija unabaki wazi kwa wengine. Alfajiri, watu wakiwa wamelala, masanduku huchota mapema yale ambayo yanajua yataombwa jioni. Na sanduku likikosa kitu, huuliza la jirani kwanza kabla ya kusumbua Nairobi. Masanduku ni yale yale, mrija ni ule ule, lakini watu wanaohudumiwa ni wengi zaidi kuliko zamani.

Sheria yake ni fupi. Kinachoombwa hukaa. Kisichoombwa hutolewa ili kingine kipate nafasi.

Mtu anaweza kuikaidi sheria hiyo. Fundi akifungua sanduku kwa simu yake na kuandika jina la kitu, anaweza kulifunga lisikitoe kamwe, au akihamishe kwenda sanduku jingine. Lazima aandike jina. Hakuna njia nyingine.

Mwaka mmoja baada ya maziko, Felix alimpigia simu. Chumba cha trei za mayai kilikuwa kimefungwa, kompyuta imekufa na kila kitu kilichokuwa ndani, ukurasa wa hadithi umezimwa.

"Mzee, nimejaribu hadi kwa mafundi wa Nairobi. Hakuna kitu wameokoa. Pole sana, aki."

"Haina shida," Parsaoti akamjibu.

Alijua kwamba nakala bado zimo juu ya mapaa ya Kitengela, hapa moja, pale mbili, mahali ambapo mtoto fulani alikuwa bado anasimuliwa. Alijua pia kwamba hadithi zile ziliwekwa kwa jina la msimuliaji, na kwamba ili kuzishika angehitaji kuliandika. Mara nyingine alisimama juu ya paa, simu imefunguka, mahali pa kuandika pakimsubiri. Alikumbuka kiganja chake ndani ya mikono ya mama yake. Akafunga simu. Watoto walikua, wakahamia katuni. Sanduku moja baada ya jingine likafanya kazi yake bila ubaya wowote, na baada ya muda Parsaoti akajihesabu kuwa mtu ambaye ameshamaliza kufiwa.

Asubuhi moja ya katikati ya juma, Joram, msimamizi wake, alimtupia sanduku jipya likiwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni.

"Parsa, lile la Noonkopir limechoka. Feni inalia kama mbuzi amefungwa. Toa, weka hili. Hili linabeba mara tatu."

"Na vilivyomo ndani ya lile?"

"Vitu gani? Mpira na drama?" Joram akacheka. "Vitajirudisha vyenyewe kutoka Nairobi. Ama unataka uvihamishe kwa mkono kama mtu anahama nyumba?"

Huko Noonkopir, mtaa mmojawapo wa Kitengela, mama anayetunza ploti, Mukonyo, alimfungulia mlango wa paa huku akimkazia macho.

"Fundi, leo ukituzimia mtandao, mimi sitakutetea. Wanawake wa hii ploti watakutupa kutoka huko juu."

"Ni dakika kidogo tu, mama."

"Hata ile ya mwezi jana ulisema kidogo. Tulikaa kama watu wa mawe."

Juu kulikuwa na upepo ule wa Kitengela unaobeba vumbi la saruji, na nguo za watu zikipigana kwenye kamba. Upande wa mbuga kulikuwa kweupe, hakuna mnyama wala mti, majani makavu tu. Parsaoti alipiga magoti, akafungua skrubu za sanduku la zamani, akashika waya wa umeme ili auchomoe.

Shanga zikamwagika kwenye sahani ya bati.

Mkono wake ulibaki pale pale. Chini yake, kutoka dirisha la ghorofa ya juu kabisa, mkewe alikuwa akivuta pumzi ile ndogo ya kabla ya kuanza, kisha akaanza. Kimaa chake kilikuwa hakijazeeka. Ilikuwa hadithi ya ndovu aliyebeba mtungi wa asali na sungura aliyeomba lifti mgongoni, na Parsaoti alijua mahali atakapocheka kabla hajacheka, na akacheka pale pale.

Ukurasa ulizimwa. Kompyuta ilikufa. Kwa hiyo sauti ile haikuwa inatoka Nairobi wala Kajiado. Ilikuwa inatoka katika sanduku alilolishika. Alihisi joto lake kwenye kiganja. Angechomoa, hadithi ingefika pale simu ya huko chini ilipokuwa imeshachota, kisha kimya, na sanduku jipya lingeamka tupu na kuomba Nairobi kitu ambacho Nairobi haina.

Alifikiria kuinama ukingoni aielekeze simu yake dirishani, arekodi kisirisiri, kama mtu anayeiba shuka ya jirani kwenye kamba. Aliona aibu. Akauachia waya, akashuka ngazi, akabisha hodi.

"Ni wazi! Sukuma!"

Ndani aliketi mzee mwembamba, koti zito mabegani ingawa jua lilikuwa limeshapanda, simu imeegemezwa kwenye thamosi mezani. Macho yake yalikuwa na ukungu. Alinyoosha kidole asisumbuliwe, akasubiri ndovu amalize kugundua kwamba asali imekwisha, na sauti ilipotua mahali pa kupumzika akagusa simu, akaisimamisha.

"Sopa, papa," Parsaoti alisema. Alimwamkia hivyo, kwa Kimaa, kwa sababu mtu anayekisikiliza kwa namna ile angekuwa nani kama si Mmaasai.

Uso wa mzee ulifunguka wote. "Epa! Epa oleng! Wewe ni wa wapi? Keti. Mimi si Mmaasai, usidanganyike. Ni Githongo. Nilikuwa na duka Bissil tangu wewe ukichunga ndama. Sukari, majani ya chai, shuka, shanga. Mwulize mtu yeyote wa Bissil."

"Mimi ni fundi wa mtandao, mzee. Niko na kazi hapo juu."

"Ya kuzima?"

"Ya kubadilisha."

"Ni kitu kimoja." Akacheka, kisha akakohoa. "Duka nilifunga macho yalipokataa. Mtoto wangu akanileta hapa. Wananitunza vizuri, sisemi vibaya. Evalyne, mke wa mtoto wangu, ananiwekea hii kwa simu kila asubuhi kabla aende kazi. Lakini sasa, fikiria. Miaka hiyo yote nimeuza kwa Kimaa, nimecheka kwa Kimaa, nimetukanwa kwa Kimaa. Hapa ninasalimiwa kwa Kiswahili, ninapikiwa kwa Kikuyu, na kile Kimaa kinanikaukia mdomoni. Ni huyu mama peke yake anaongea na mimi."

Parsaoti alitazama simu. "Unamsikiliza kila siku?"

"Hadithi ni moja tu imebaki. Zingine zilipotea, sijui ni nini. Hii bado iko. Lakini Jumamosi ninapelekwa Ngong, kwa mtoto wangu mkubwa. Evalyne anasema huko wako na kampuni ingine, huenda isishike." Alipapasa meza hadi akaipata kofia yake, akaizungusha mikononi. "Si kitu. Mtu mzima hawezi kulilia hadithi ya sungura. Unamjua huyu mama? Ni wa kwenu?"

Parsaoti alianza kujipangusa vumbi la saruji viganjani.

"Naipanoi," mzee akasema. "Anajitaja mwenyewe hapo mwanzo."

Jina lilipita chumbani wazi, mchana, kama mtu aliyeingia bila kubisha. Hakuna kitu kilichoanguka. Nje nguo ziliendelea kupigana. Parsaoti aligundua kwamba amesimama, na kwamba mzee ameinamisha kichwa upande kama wanavyofanya watu wasioona vizuri wakitaka kusoma pumzi ya mtu.

"Ngai wangu," mzee akasema taratibu. "Ni wako."

"Hatutaji, papa."

"Najua hamtaji. Nimekaa na nyinyi, najua. Nisamehe. Mdomo wa duka huu."

Parsaoti akaketi tena. Akamweleza mzee, kwa maneno machache, kwa nini hadithi moja ilibaki na nyingine zikaenda. Kwamba sanduku la juu hushika kile kinachoombwa. Kwamba ile moja imebaki Kitengela nzima kwa sababu kuna mzee mmoja Noonkopir anayeiomba kila asubuhi. Kwamba leo sanduku linatolewa, na hata lisipotolewa leo, mzee ataenda Ngong Jumamosi, na baada ya hapo hakuna atakayeiomba tena.

"Sasa hiyo asili yake iko wapi?"

"Haiko. Ni hii tu."

"Na wewe, na ufundi wote huo, huwezi kuishika?"

"Naweza. Ni kuandika jina tu, halafu ninaihamisha iende kwa sanduku jipya na kwa yale ya jirani. Isitoke tena."

Mzee alielewa. Akanyoosha mkono. "Leta hiyo simu. Mimi ni Mkikuyu, mila yenu hainifungi. Nitaandika mimi."

Parsaoti akafungua mahali pa kuandika, akampa. Mzee Githongo aliisogeza simu hadi ikagusa pua. Akabonyeza. Akabonyeza tena, ulimi umetokeza kando ya mdomo. Simu ikaanza kupiga picha za dari.

"Herufi zenu ni kama chawa," alifoka. "Nani alizipanga hivi? Hii ni N?"

"Hapana, papa. Umefungua kamera."

"Basi nisomee, nibonyeze."

"Nikikusomea nitakuwa nimetaja."

Walitazamana, au Parsaoti alimtazama na mzee akaelekeza uso wake kule sauti ilikotoka, na wote wawili wakaangua kicheko, kicheko kirefu kisichokuwa na furaha nyingi ndani yake, lakini kicheko. Parsaoti hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka na mtu akiwa ameketi.

Mzee akarudisha simu, akaiweka kwenye goti la Parsaoti, akaondoa mkono.

Parsaoti aliichukua. Alimfikiria mama yake kando ya boma, na hakumlaumu, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli: yule aliyekufa asiitwe na watu asioweza kuwaitikia. Lakini alikuwa amemsikia mkewe akivuta pumzi. Alikuwa amemshika akiwa na joto, juu ya paa, na mkono mwingine ukiwa kwenye waya. Akaandika herufi ya kwanza. Herufi zilizofuata zilikuja polepole, na kidole chake kilikuwa kizito kama cha mzee. Alipomaliza kuandika, jina lilikaa pale kwenye kioo, dogo, na sanduku la juu likaonyesha kwamba linacho kitu kwa jina hilo, kimoja. Akakifunga kisitoke. Akakituma kwa masanduku ya jirani, la mtaa wa pili, la barabara ya Namanga, na nakala moja akaishusha kwenye simu yake mwenyewe, nyingine kwenye ya mzee, ili Ngong isiwe mwisho wa mambo.

"Imeenda?" mzee akauliza.

"Imeenda. Hata huko Ngong utakuwa nayo, bila mtandao."

"Ashe. Ashe oleng." Mzee alishukuru kwa Kimaa, akapangusa macho yake yenye ukungu kwa ukingo wa koti, akalaumu vumbi. "Sasa wacha nimalizie ndovu wangu. Ulinikatiza. Na usikimbie, sanduku lako litangoja."

Akapapasa simu, akagusa. Sauti ikarudi pale ilipoachwa. Sungura alikuwa ameshajificha, ndovu akitafuta, na msimuliaji akaacha kusema, akauliza kwa Kimaa, kama alivyokuwa akiwauliza watoto wa vijigoda, "Bado mko nami?" Kisha akanyamaza ili ajibiwe. Felix hakuwahi kuukata ukimya huo.

"Tuko!" mzee akajibu kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeitwa dukani.

Hadithi ikaendelea. Sungura akatoka shimoni, akaingia lingine. Mukonyo alipiga kelele huko chini ngazini kuuliza kama mtandao umekufa ama bado unakufa. Sauti ikatulia tena, shanga chache zikaguswa kwenye sahani, na swali likaja mara ya pili, kwa upole zaidi, maana hadithi ilikuwa inakaribia kwisha.

"Bado mko nami?"

Mzee Githongo hakufungua mdomo. Alimgusa Parsaoti mkononi, mara moja, akangoja.

Ukimya ulikuwa mfupi, wa pumzi moja tu. Parsaoti aliinama karibu na simu ile iliyoegemea thamosi, hadi kioo kikapata ukungu.

"Niko," akasema kwa sauti ya chini.